Nyumba kubwa au deni kubwa? Nafuu ya kodi ya Marekani inavyopimwa

Msimu wa kodi ukianza, wateja wangu hapa Texas, wengi wao Wakenya na Watanzania, huniletea Fomu 1098, ile karatasi ya benki inayoonyesha riba waliyolipia mkopo wa nyumba. Huja wakitabasamu, maana dalali aliwaambia wakinunua nyumba, riba "inarudi". Kazi ya kuwaeleza ukweli huniangukia mimi.

Sheria inaruhusu riba hiyo itolewe kwenye kipato kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa hiyo aliye kwenye kiwango cha kodi cha 35% huokoa dola 350 kwa kila dola 1,000 ya riba inayokubalika, na wa 12% huokoa 120. Aliyenacho ndiye anayeongezewa.

Ndiyo maana kila mara anajitokeza mtu kutaka kuipunguza nafuu hii. Jaribio linalonivutia zaidi ni la 2007, la mbunge John Dingell wa Michigan. Yeye alitaka kupima nyumba yenyewe: kuanzia futi za mraba 3,000, yaani kama mita za mraba 279, nafuu ianze kupungua kidogo kidogo, na ikifika futi 4,200 mwenye nyumba asipate hata senti. Nyumba za wakulima na zile zilizojengwa kabla ya 1900 zingesamehewa. Hoja yake ilikuwa mazingira, kwamba jumba linakula nishati kupasha joto na kupoza vyumba visivyo na mtu. Pendekezo halikuwa sheria.

Kwa maoni yangu, kama lengo lilikuwa nishati, futi ilikuwa kipimo kinachoeleweka. Kama ni haki ya kodi, ingempiga asiyehusika. Futi 3,200 pembezoni mwa Houston, mkiishi na watoto wanne na bibi, zinaweza kugharimu chini ya fleti ya vyumba viwili San Francisco. Huyo wa fleti ndiye mwenye deni nene na riba nene, na futi zisingemgusa. (Tena nani angepima? Makadirio ya halmashauri na tangazo la dalali havikubaliani hata kwenye nyumba moja.)

Bunge lilichagua kupima deni. Tangu 1987 ukomo ulikuwa riba ya mkopo wa hadi dola milioni 1, na sheria ya 2017 ikaushusha hadi dola 750,000 kwa mikopo mipya. Lakini pigo kubwa la sheria hiyo lilipita kimyakimya: kiasi cha jumla ambacho kila mlipakodi hukatiwa kwenye kipato kabla ya kodi bila kuorodhesha chochote kilikaribia kuongezeka maradufu. Riba ina maana tu ukiorodhesha makato yako na yakazidi kiasi hicho.

Tuchukue mwaka wa kodi 2024, ambapo wanandoa walikatiwa dola 29,200. Juma na mkewe (majina ya mfano) wana mkopo wa 280,000 kwa riba ya 6.5%: riba 18,200, kodi ya kumiliki nyumba 6,000, jumla 24,200. Haifiki. Fomu 1098 yao haiwasaidii chochote. Jirani mwenye mkopo wa milioni 1 kwa 6% analipa riba 60,000. Ukomo unamwachia 45,000 (6% ya 750,000), ongeza kodi za jimbo na mji 10,000, anapata 55,000. Amezidi kwa 25,800, na kwenye kiwango cha 32% anaokoa dola 8,256. Ukomo umemgusa, lakini bado anavuna. Juma hana kitu.

Kenya imekwenda njia ya tatu: inawekea kikomo riba yenyewe. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni shilingi 360,000 kwa mwaka, kutoka 300,000, kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Mwenye jumba la Runda na mwenye nyumba ya kawaida Syokimau wanagota palepale. Mimi naipendelea hiyo, ingawa nayo humpa zaidi aliye kwenye kiwango cha juu cha kodi.

Huku Marekani, sheria ya 2025 imeufanya ukomo wa dola 750,000 uwe wa kudumu, bila kuufungamanisha na mfumuko wa bei. Bei za nyumba zikiendelea kupanda, utawafikia watu ambao haukukusudiwa kwao, na wa kwanza watakuwa wanunuzi wa vijumba vya California.