"Kuongeza pawa" kwenye mkonga ya 1HZ: maana yake hasa ni nini

Mwenye mkonga ya zamani, ile Land Cruiser hardtop ya injini 1HZ, anaipenda gari yake mpaka siku atakayopanda nayo mlima Kitonga imejaa watu na keria juu ina mzigo. Gia ya tatu inagoma, anarudi ya pili, basi linampita, na akifika Iringa swali ni lile lile, naongezaje pawa hii gari? Majibu atayapata mengi tu, funga tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), fungua pampu ya dizeli imwage zaidi, weka eksozi kubwa, bandika injini ya 1HD yenye tabo yake, kila mtu na lake. Shida ninayoiona mimi ni kwamba hilo neno "kuongeza pawa" watu wanalitumia kwa vitu vitatu vinne tofauti kabisa, na usipojua unachokosa wewe ni kipi unaweza kumwaga mamilioni na mlima ukabaki vile vile.

Kwanza tutenganishe pawa na toki maana hapa ndipo wengi wanachanganya. Toki ni nguvu ya kuzungusha, kama unavyofungua nati ya tairi, ukishika spana karibu inakataa, ukichomeka bomba ukavutia mbali inakubali. Injini nayo inazungusha shafti kwa nguvu ya aina hiyo na inapimwa kwa Newton mita. Pawa ni hiyo toki pamoja na mizunguko, yaani kazi kiasi gani inafanyika ndani ya muda fulani. Hesabu yake haina ugumu, chukua Newton mita zidisha kwa mizunguko ya dakika halafu gawanya kwa 9550, unapata kilowati.

Sasa tuiweke 1HZ yenyewe hapo. Ni injini ya silinda sita kwenye mstari, lita 4.2, haina tabo, ilianza kutoka 1990. Toki yake ya juu ni kama 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200, ukipiga hesabu hapo pawa ni kilowati 66 hivi. Pawa yake ya juu ni karibu kilowati 96, kama HP 130, lakini hiyo unaipata kwenye mizunguko 3,800 ambapo toki imeshashuka mpaka 240 hivi. Kwa hiyo yule anayepanda mlima na gia kubwa, mizunguko 1,500, kakanyaga mpaka mwisho na gari inalia, anatumia chini ya nusu ya pawa aliyonayo tayari chini ya boneti! Injini haijapungukiwa kitu, ni gia. Angerudi gia moja akaiacha izunguke 2,500 mpaka 3,000 angeona tofauti bila kununua hata skurubu moja, ila wengi tumefundishwa kwamba dizeli haitakiwi kulia, basi tunaibana mpaka inachoka.

Na hapa ndipo matairi yanapoingia. Hizi gari zilikuja na matairi membamba ya 7.50R16, urefu wake kusimama ni kama inchi 32 kasoro kidogo. Mtu anaweka ya inchi 35 kwa sababu yanapendeza, na kweli yanapendeza, lakini tairi limekuwa refu kwa asilimia 10 na gia zako zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hicho hicho. Kama difu yako ilikuwa 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 tairi lizunguke mara moja, ni kama umeweka ya 3.7. Umepunguza nguvu ya kuvuta kwenye ardhi kwa karibu sehemu moja ya kumi, tena bado sijaongeza uzito wa tairi lenyewe, halafu unaenda kutafuta fundi wa kukufungia tabo airudishe. Kubadili meno ya difu au kurudi kwenye tairi la kawaida hakuongezi HP hata moja, ila kwa mtu wa matope na milima ndiyo "pawa" anayoitafuta, na injini haijaguswa.

Hiyo ya gia na matairi ni ya kwanza. Jambo la pili ni pawa iliyopotea. Gari ya 1994 au 1998 yenye kilomita laki nne haina HP 130 tena, hiyo isahau. Eya klina imejaa vumbi la Manyara, nozo za kupulizia dizeli zinamwaga badala ya kupuliza ukungu, taimingi ya pampu imesogea, tapeti za valvu hazijawahi kupimwa, breki zinabana kidogo. Kuna moja nilikutana nayo kwenye gari yangu mwenyewe, nilizunguka nayo miezi, fundi mmoja akaniambia injini imechoka tuifungue yote tuitengeneze upya, yaani ovahoo, kumbe kebo ya mafuta ilikuwa imelegea, mguu uko chini kabisa kwenye kapeti lakini mkono wa pampu haujafika mwisho. Mtu mmoja akae ndani akanyage, mwingine aangalie kwenye pampu, dakika mbili tu. Mpaka leo roho inaniuma nikifikiria nilivyokaribia kufungua injini nzima. Kwa hiyo kabla hujaongeza kitu pima kompresheni, peleka nozo na pampu kwenye benchi, halafu ndio useme gari haina nguvu.

Ukishamaliza hayo na bado haitoshi, sasa tunafika kwenye kuongeza kwenyewe, na hapa ieleweke kwamba injini ya dizeli haiongezewi pawa, inaongezewa hewa na mafuta. Pawa ni kinachotoka, na pamoja nayo linatoka joto. Mafuta bila hewa yanatoa moshi mweusi na joto kali, hewa bila mafuta haikupi cha maana. Ndiyo sababu ile biashara ya "kufungua pampu" peke yake kwenye 1HZ isiyo na tabo mimi naikataa waziwazi. Unaizungusha ile skrubu ya mafuta, gari inachangamka kweli, unafurahi, lakini ile dizeli ya ziada haina hewa ya kuunguzia, nyingine inatoka kama moshi na joto la eksozi linapanda. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na pistoni zako ni za aluminiamu. Hazifiki joto la gesi yenyewe kwa sababu maji na oili vinazipoza, lakini ukipanda mlima mrefu dakika kumi na tano hukutoa mguu, hapo ndipo zinakufa, na geji ya maji pale mbele yako haitakuambia kitu mpaka kazi imeshaharibika.

Tabo ndiyo inaleta hewa. Inazungushwa na gesi za eksozi ambazo zingeenda bure na inasukuma hewa ndani ya silinda. Usawa wa bahari hewa ina mgandamizo wa kama psi 14.7, tabo ikiongeza 7 unapata karibu 22, yaani hewa inaweza kuongezeka mpaka karibu nusu, ingawa kiuhalisia ni pungufu kwa sababu hewa ikisukumwa inapata moto na hewa ya moto inatanuka, ndio maana watu wanaweka intakula kuipoza kwanza.

Kwa wenzetu wa safari kule Arusha hili lina uzito wake wa pekee. Arusha iko kama mita 1,400, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Pale juu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar, kwa hiyo injini isiyo na tabo inapanda na wageni na mizigo na maji ya kunywa huku moja ya tano ya hewa yake haipo. Ndiyo maana gari iliyokuwa inavuta vizuri Dar ikifika kule inatoa moshi mweusi, mafuta ni yale yale hewa imepungua. Tabo ya psi 7 pale ukingoni inakupa hewa nyingi kuliko uliyokuwa nayo Dar bila tabo. Mtu anayefanya kazi huko kila siku akiniambia anataka tabo namwelewa kabisa, wa mjini anayeenda shamba Bagamoyo mara mbili kwa mwezi nitambishia.

Ila 1HZ haikuundwa kwa ajili ya tabo, na hii si maneno ya kutishana. Dizeli yake haipuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni, inapuliziwa kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, moto unaanzia pale ndio unatoka. Muundo huo unaifanya iwe laini na ivumilie, lakini joto jingi linabaki kwenye hedi. Pia kompresheni yake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni kubwa, zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, lita hizo hizo 4.2, iliyotoka kiwandani na tabo, ina 18.6 kwa 1 na inapulizia moja kwa moja juu ya pistoni, yaani Toyota wenyewe walipotaka tabo walibadilisha vitu vya ndani, hawakubandika tu konokono, yaani tabo, pembeni. Kwa hiyo tabo kwenye 1HZ inawezekana, na zipo nyingi sana zinatembea, Australia wamezifunga miaka na miaka, lakini iwe ndogo, wengi wanaishia psi 7 mpaka 10. Anayekuahidi 15 kwenye pistoni za kiwandani anakutafutia ovahoo.

Na hiyo tabo ina mambo yake ya kufuatana. Rejeta lazima iwe safi ndani na nje, feni iwe inashika vizuri, gasketi ya hedi na hedi yenyewe viwe vizima, maana hedi ya 1HZ iliyowahi kuchemka inakuwa na nyufa karibu na valvu na tabo itazifungua. Oili ibadilishwe mapema zaidi. Klachi ya zamani itaanza kuteleza wiki ya kwanza. Taimingi belti, ambayo wengi tunaibadili kila kilomita laki moja, kama hujui ilibadilishwa lini weka mpya kabla ya yote. Kisha geji ya joto la eksozi, sensa yake ikae kabla ya tabo sio baada, na ukiona inakaribia nyuzi 700 unatoa mguu au unarudi gia, bila kubishana nayo. Kwangu mimi hii geji sio ziada, asiye na hela yake hana hela ya tabo.

Kubadili injini kabisa, kuweka 1HD-T au ile 1HD-FT ya valvu 24, kwa anayetaka pawa kubwa ya kudumu ni njia ya heshima kuliko kuibana 1HZ. Lakini injini nzuri ya 1HD sasa hivi ni ngumu kupata, nyingi zinazouzwa zimechoka kuliko uliyonayo, na kadi ya gari ina namba ya injini kwa hiyo lazima ukairekebishe TRA, mamlaka ya mapato. Halafu uzuri wa 1HZ ni kwamba ukikwama Loliondo au Katavi kuna mtu ataiwasha kwa spana na akili yake. Hilo nalo ni thamani, liweke kwenye hesabu.

Yangu nimeirudisha kwenye 7.50, nozo zimepimwa, kebo imekazwa, na Kitonga nimepanda mwezi uliopita na watu sita bila kusumbuana na mtu, polepole lakini inazunguka vizuri. Mwakani nikianza kupeleka watu Ngorongoro nitafunga tabo ndogo. Geji ya eksozi nimeshainunua, ndiyo itatangulia kufungwa, nione kwanza joto likoje bila tabo.