Mtoto, simu ya mama na mitandao: dhana potofu na ukweli

"Mwanangu hana simu, kwa hiyo hayumo mitandaoni"

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto hana simu yake. Jioni anatumia ya mama, mchana ya kaka, na chaji ikiisha anakwenda kwa jirani. Ugumu unaanzia hapo hapo, kwa sababu simu ya mama ina akaunti ya mtu mzima: Play Store haina kikomo cha umri, na YouTube inapendekeza yale yanayotazamwa na wakubwa wa nyumba ile. Hata Family Link, programu ambayo wazazi wengi hushauriwa kuipakua, haifui dafu hapa. Imetengenezwa kusimamia akaunti ya mtoto, na kwenye simu ya mama hakuna akaunti ya mtoto.

Simu ya kuchangia ina dawa zake. Fungua Play Store, gusa picha ya wasifu, ingia Mipangilio, kisha Familia, kisha vidhibiti vya wazazi, uchague umri na kuweka PIN. PIN hiyo isifanane na ya kufungulia simu wala ya pesa za simu. Mtoto wa miaka saba anazijua zote mbili. Mdogo akitaka katuni, bandika programu hiyo kwenye skrini (kipengele kimo kwenye mipangilio ya usalama) ili asiweze kutoka bila PIN.

Kwa Android 9 na kuendelea, nenda mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (huduma inayoielekeza simu kwenye tovuti), uandike family.cloudflare-dns.com. Tovuti nyingi za ngono zitakataa kufunguka, kwa bando na kwa Wi-Fi pia. Ukikosea herufi moja intaneti yote inakatika, na wengi wakiona hivyo huzima kipengele wakidhani ni kibovu. Angalia nukta na vistari kwanza. Ujue pia kwamba kizuizi hiki hakigusi yaliyomo ndani ya TikTok au WhatsApp, na mtoto mwenye VPN (programu inayopitisha intaneti kwa njia nyingine) anakiruka.

"Kudanganya mwaka wa kuzaliwa ni jambo dogo"

Hili ndilo kosa ambalo wazazi wenyewe hulifanya kwa mikono yao. Mtoto ana miaka 11, TikTok inataka 13, basi baba anamwandikia 2000 na mambo yanakwenda. Kuanzia dakika hiyo mtandao unamwona ni mtu mzima, na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto haumhusu tena.

Ulinzi huo si mdogo. TikTok huifanya akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa ya faragha tangu mwanzo, na haimruhusu kutumiana ujumbe wa moja kwa moja. Instagram ilianzisha akaunti za vijana mwaka 2024: ni za faragha, ujumbe unatoka kwa wale tu anaowafuata au aliokwisha kuungana nao, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti hayo bila mzazi. Aliyeandikishwa kuwa wa 2000 anapokea salamu za kila mpita njia.

Kama mtoto bado hajafika 13, mwache asubiri. Kama amefika na akaunti ina mwaka wa uongo, mara nyingi ni rahisi kuifuta na kufungua nyingine yenye tarehe ya kweli kuliko kubishana na mtandao urekebishe.

"Adui ni mtu asiyemjua"

Wengine ni wageni, kweli. Lakini uchunguzi wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba wanaowadhuru watoto mtandaoni mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawafahamu. Kwa hiyo onyo la "usiongee na usiowajua" linaacha mlango mkubwa wazi. Mfundishe mtoto kutazama tendo, si sura: mtu mzima yeyote anayemwambia afute ujumbe, anayemtumia vocha kwa siri, au anayetaka picha ambayo mama asiione, ni wa kuripotiwa hata kama ni mjomba au mwalimu wa tuisheni.

"Ni hatari kwa mabinti tu, na akilipa yataisha"

FBI ya Marekani imeeleza kwamba katika usaliti wa picha za utupu unaolenga pesa (kumtishia mtu kwamba picha zake zitasambazwa asipolipa), waathirika wengi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mtindo unajulikana: akaunti yenye picha ya msichana, mazungumzo matamu, ombi la kubadilishana picha, halafu orodha ya marafiki na ndugu wa kijana inarushwa mbele yake pamoja na namba ya kutuma pesa. Yote yanaweza kutokea usiku mmoja, katika muda wa saa moja tu.

Kulipa hakumalizi. Aliyelipa mara moja amethibitisha kwamba analipika, na dai linarudi likiwa kubwa zaidi. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Acha kujibu, ila usifute kitu. Piga picha za skrini za vitisho, tarehe, namba ya kupokelea pesa, na jina lenye alama ya @. Jina la juu hubadilishwa wakati wowote, hivyo nakili pia kiungo cha wasifu. Picha ya utupu yenyewe usiipige skrini wala kumtumia ndugu "aone": sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zinaharamisha kusambaza picha za ngono za watoto, na nia njema ya mzazi haiifanyi picha isisambae.

Ukishahifadhi ushahidi, ripoti akaunti ndani ya mtandao husika, kisha izuie. Halafu ingia takeitdown.ncmec.org. Huduma hii ni bure na haidai jina. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha haiondoki, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwemo, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Inahitaji picha iwe bado kwenye simu, ndiyo maana kufuta kwa hasira ni hasara. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki.

Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure, Tanzania na Kenya. Tanzania nenda pia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ukiwa na simu yenyewe na siyo karatasi tu. Namba ya kupokelea pesa ina thamani kubwa, kwa kuwa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, japo wahalifu hupenda kutumia laini za watu wengine.

Silaha ya msaliti ni sentensi moja: "wazazi wako wakijua watakuua." Mtoto anayejua kwamba akisema simu itachukuliwa na fimbo itafuata, atanyamaza na atalipa. Mwambie mapema, kabla ya lolote kutokea, kwamba akikueleza hutamnyang'anya simu. Kisha usimnyang'anye.

"Picha ya kutazamwa mara moja hupotea"

WhatsApp inazuia kuipiga skrini. Haizuii simu ya pili iliyoshikwa juu yake.

"Katuni ni elimu, hata kwa mtoto wa mwaka mmoja"

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne unasema isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kumpigia bibi video ni habari nyingine; hapo mtoto anazungumza na mtu anayemjibu.