Ramani Iliyoanikiwa Maharage

Mtu akionyeshwa mchoro wa kale wa jengo, huuliza kwanza: jengo lenyewe bado lipo? Kwa Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani, swali hilo ligeuzwe. Kwa karne kadhaa mchoro ulikuwepo, minara haikuwepo.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248. Miongo michache baadaye mafundi walichora sura ya mbele ya kanisa, pamoja na minara yake miwili, kwa wino juu ya vipande vya ngozi vilivyounganishwa hadi kuzidi urefu wa mita 4. Wataalamu huuita Mchoro F. Katika karne ya 16 ujenzi ulikwama. Mnara wa kusini ukabaki kisiki, kreni ya mbao imesimama juu yake.

Majeshi ya Ufaransa yalipoingia mjini mwaka 1794, nyaraka za kanisa zilihamishwa na mchoro ukapotea. Nusu yake ilionekana katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1814, darini mwa nyumba ya wageni. Inasimuliwa kuwa ilikuwa imepigiliwa kwenye fremu, watu wakianikia maharage. (Mimi siwalaumu, ngozi ni imara, na nani angewaambia?) Nusu ya pili ilipatikana Paris mwaka 1816. Ujenzi ulianza upya mwaka 1842 kwa kuufuata mchoro huo, ukakamilika mwaka 1880, minara ikifikia mita 157.

Ukitazama mchoro wa namna hii, usitafute vivuli. Hauonyeshi jengo kama tunavyoliona tukiwa barabarani, kilele kikisinyaa kwa umbali. Kila sehemu imechorwa kana kwamba mtazamaji yuko sambamba nayo, ili fundi aweze kuipima kwa bikari.

Kisha sogea karibu, maana utamu uko hapo. Michoro mingi ya enzi hiyo ina vitundu vya ncha ya bikari na mistari iliyokwaruzwa bila wino. Tarakimu za vipimo hutaziona. Fundi alianza na mraba mmoja, akachora ndani yake mwingine mdogo uliozungushwa, pembe zake zikigusa katikati ya pande za ule mkubwa, na kutoka hapo akapata upana wa nguzo na wembamba wa kilele. Mtu aliyeijua kanuni hiyo aliweza kuukuza mchoro hadi ukubwa wowote.

Mchoro wenyewe umetundikwa ndani ya kanisa hilohilo, pazia likiukinga na mwanga.