Mikono inayotetemeka, usiku usiotulia

Bibi mmoja jirani yetu alihamia chumba cha wajukuu miaka mingi kabla mkono wa mumewe haujaanza kutetemeka. Mzee alikuwa akipiga ukuta ngumi usingizini, na siku nyingine ngumi ilimpata bibi. Akiamshwa anasema: "Kulikuwa na mbwa, nilikuwa namfukuza." Mtaani wakasema ni jinamizi, wengine wakasema kuna mkono wa mtu.

Dhana: anayepigana usingizini ana jinamizi

Ni kinyume chake. Anayekabwa na jinamizi akili imeamka lakini mwili umefungwa. Anataka kupiga kelele, ulimi haunyanyuki. Kufungwa kwenyewe si kitu kibaya. Tunapoota, shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, huizima misuli ili tusiitende ndoto. Kwa yule mzee swichi hiyo ndiyo imeharibika: akili inaota, mwili uko huru.

Carlos Schenck na Mark Mahowald, madaktari wa Minnesota, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986. Miaka 10 baadaye, kati ya wanaume 29 waliokuwa wakiwafuatilia, 38% walikuwa wameanza dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili utetemeke na kukakamaa. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2019, wa wagonjwa 1,280 kutoka nchi mbalimbali, ulikadiria kuwa karibu robo tatu hupata Parkinson au ugonjwa wa jamii yake ndani ya miaka 12.

Sababu iko kwenye njia ambayo uharibifu unapita. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake walionyesha kuwa protini ya alfa-sainukleini, ikishajikunja vibaya na kurundikana, mara nyingi huanzia chini kwenye shina la ubongo na kwenye sehemu inayopokea harufu. Baadaye ndipo hupanda hadi kwenye seli nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, na mkono ukaanza kutetemeka. Si kila mgonjwa hufuata njia hiyo. Lakini ndiyo maana wengine hufunga choo, au hawasikii harufu ya kitunguu kinachoungua, muda mrefu kabla ya kutetemeka.

Dhana: kila anayetetemeka ana Parkinson, au ni uzee tu

Mpe chai umtazame. Mkono wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umelala pajani, ukishika kikombe hutulia kidogo. Kuna mtetemo mwingine, wenye watu wengi zaidi na ambao mara nyingi hutembea kwenye ukoo: mkono umetulia pajani, ukinyanyua kikombe chai inamwagika kwenye kisahani. Huo unahusishwa zaidi na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Wenye mtetemo huu nao hulalamika usingizi, na wakati mwingine dawa ina mkono wake: propranololo, ileile ya presha, huwaletea baadhi yao ndoto kali.

Na hilo la "uzee tu" lina gharama. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Dhana: kinachomwamsha mgonjwa usiku ni mtetemo

Hutokea. James Parkinson mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, aliliandika hilo mwaka 1817, kwa wagonjwa waliozidiwa. Ila kwa wengi mtetemo hutulia usingizi ukishakolea. Tatizo ni saa nane usiku, dawa ya jioni imeisha nguvu, mwili umekakamaa kama gogo: kugeuka hawezi, shuka limemnasa, mkojo umembana.

Dhana: mpe Piriton alale

Atalala, ndiyo. Lakini kwa mzee dawa hiyo inaweza kumvuruga akili, kumzibia mkojo, na kumwangusha akienda chooni.

Yule jirani yetu alifika kliniki mkono ukiwa tayari unatetemeka. Nyumbani godoro lilikuwa limeshashushwa chini, na stuli ya chemli kuondolewa karibu na kichwa chake. Daktari akamuuliza, "Mzee wangu, usiku unalalaje?"

"Salama tu."

Bibi hakusema kitu. Alipandisha mkono wa dera akamwonyesha daktari alama.