Sindano haimuui mtoto wa degedege: maswali ninayoulizwa wodini

Degedege ni nini?
Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, mikono na miguu inatupatupa, fahamu zinapotea. Hapa Dar, mtoto mdogo mwenye homa akifika hivyo, tunaanza kutafuta malaria kali: vimelea vinaziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, na sukari ya damu inashuka. Wapo wanaosema ni dege, ndege wa kishetani; hakuna dege aliyepita juu ya nyumba.

Ni kweli akichomwa sindano anakufa?
Si kweli. Narudia: si kweli. Watu wanaona mtoto kachomwa, kafa, wanailaumu sindano. Hawasemi alishinda ndani tangu asubuhi.

Usiku mmoja mama alishuka kwenye bajaji na mtoto wa miaka miwili, kanga inanuka moshi. Bibi alikuwa amemfukiza kwa kinyesi cha tembo. Ameanza saa ngapi? "Saa nne asubuhi." Hapo ni saa sita usiku! Nilimtoboa kidole nimpime damu, hakulia. Mtoto asiyelia akitobolewa ananitisha kuliko anayepiga kelele. Tulimpa glukosi ya mshipani na sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali. Akafumbua macho kesho yake jioni. Sindano ileile inayoogopwa.

Likimshika nyumbani nifanye nini?
Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote. Njoo. Hata likitulia njiani, usigeuze bodaboda, njoo.

Nina mseto uliobaki, vile vidonge vya malaria, nimpe kwanza?
Hapana. Asiye na fahamu hamezi, atapaliwa. Anahitaji artesunate ya sindano: akifika, zikipita saa 12, na zikitimia saa 24 tangu ile ya kwanza. Akiweza kumeza ndipo anapewa mseto, dozi sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Na huo uliobaki, jamani, maana yake kuna mtu humo ndani hakumaliza dozi.

Kipimo kikisema hana malaria?
Bado ni mgonjwa wa hospitali. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, nayo haingoji kuche.

Bibi yake amekataa asichomwe. Nifanyeje?
Mpakie bibi kwenye bajaji hiyohiyo. Nitamweleza yote, kwa heshima zote, mtoto akiwa ameshachomwa.