Ufito Mtupu Mrefu: Maana Yake, na Namna ya Kuuchagua kwa Fimbo ya Kuvulia Samaki wa Kikaango

Ufito mtupu ni mwili wa fimbo ya kuvulia kabla haujafungwa kitu chochote: hauna mpini, hauna kiti cha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), wala hauna pete za kupitishia mshipi. Ni mrija mrefu, mnene kwenye kitako na mwembamba kwenye ncha, ambao siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nyuzi za kioo, au mchanganyiko wa hizo mbili, zikiwa zimeshikamanishwa kwa gundi ya epoksi. Mtu anayejiundia fimbo hununua ufito huo, kisha huongeza vilivyobaki kwa mikono yake. Pete iliyofungwa vibaya hufunguliwa ikafungwa upya, na mpini usiokaa vyema mkononi huchongwa ukabadilishwa. Tabia ya ufito wenyewe haibadiliki kiasi hicho, na ndiyo maana uamuzi wa kuuchagua ni mzito kuliko maamuzi mengine yote katika kazi hii, hasa ufito unapokuwa mrefu.

Fimbo hizi zina makao yake, nayo ni Marekani. Huko, samaki wa kikaango ni jina la jumla la samaki wadogo wa maji baridi wanaotosha kulala wazima ndani ya kikaango. Wanaotafutwa zaidi ni blugili, ambaye wanasayansi humwita Lepomis macrochirus, pamoja na krapi wa aina mbili, mweupe na mweusi, wa jenasi Pomoxis. Msomaji wa Kenya anamfahamu ndugu yao mkubwa, kwa maana besi wa mdomo mpana aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha ni wa familia hiyohiyo. Wengi wa samaki hawa hawafiki ratili moja, na hata krapi mweupe aliyeweka rekodi ya dunia mwaka 1957 katika bwawa la Enid, Mississippi, alikuwa na ratili 5 na aunsi 3 tu. Kwa hiyo fimbo haitakiwi kuwa na nguvu nyingi. Inachotakiwa ni kumfikia samaki bila kumtisha, kumhisi anapogusa chambo, na kumleta bila kumpasua mdomo, kwa sababu krapi ana utando mwembamba mdomoni ambao ndoana huuchana kwa urahisi sana.

Fimbo ya kawaida ya samaki hawa ina urefu wa futi 5 hadi 7. Neno refu huanza kutumika kwa haki kuanzia futi 8, na huendelea hadi futi 16. Sababu ya urefu huo inaonekana waziwazi katika Ziwa Reelfoot, kaskazini-magharibi mwa Tennessee, ambalo chimbuko lake ni matetemeko makubwa ya ardhi ya miaka ya 1811 na 1812. Ardhi ilididimia, maji yakafunika msitu, na mpaka leo ziwa hilo halina kina kirefu na limejaa visiki na miti ya misaiprasi iliyosimama majini. Krapi hupenda kukaa ubavuni mwa visiki hivyo. Mvuvi anayerusha chambo kutoka mbali atanasa kisiki mara nyingi kuliko samaki, na anayesogeza mashua karibu atawafukuza. Aliye na fimbo ya futi 10 au 11 hukaa mbali kidogo, akanyoosha mkono, akateremsha chambo wima sentimita chache tu kutoka kwenye gome la mti, kisha akakiinua na kukipeleka kwenye kisiki kinachofuata. Hii si hekima mpya, kwa kuwa watu wa kusini mwa Marekani walivua blugili kwa vizazi vingi kwa mianzi mirefu isiyo na rili.

Kuna matumizi mengine mawili ya urefu ambayo hayafanani na hilo. Moja ni mtindo wa buibui, ambapo fimbo kadhaa za futi 12 hadi 16 hupangwa kwenye vishikizo mbele ya mashua zikiwa zimetandazwa kama miguu ya buibui, na mashua huenda polepole ikisukuma chambo mbele yake. Jingine ni uvuvi wa boya kutoka ukingoni, ambapo urefu humsaidia mvuvi kuinua mshipi usilale juu ya maji na kukunja upesi mshipi uliolegea boya linapozama. Mtu anapaswa kujua atavua kwa namna ipi kabla hajatazama bei, kwa sababu ufito unaofaa kukaa kwenye kishikizo siku nzima unaweza kuwa adhabu mkononi.

Adhabu hiyo inatokana na jambo ambalo watu wengi hawalipimi wanaponunua: kila futi inayoongezwa hulipiwa kwa uzito ulio mbali na kiganja. Uzito unaoandikwa kwenye maelezo ya ufito hausemi mengi usipojua umekaa wapi. Ukizungusha fimbo, gramu 1 iliyoko futi 10 kutoka mkononi huupinga mwendo sawasawa na gramu 4 zilizoko futi 5, au gramu 25 zilizoko futi 2, kwa kuwa upinzani huo hukua kwa mraba wa umbali. Vilevile, ufito wenye unene na ukuta uleule ukirefushwa kutoka futi 7 hadi futi 10, kasi ya mtikisiko wake wa asili hupungua hadi karibu nusu, na ncha huchukua muda mrefu zaidi kutulia baada ya kila mwendo. Ncha isiyotulia huchezesha chambo pasipo mvuvi kutaka, na huficha mguso mwepesi wa krapi, ambaye mara nyingi huvuta chambo juu badala ya kukivuta chini. Kwa maoni yangu, kutulia kwa ncha ndiyo sifa ya kwanza ya ufito mrefu, mbele ya wepesi na mbele ya nguvu. Inaweza kupimwa hata dukani: shika kitako, tikisa mara moja kwa kifundo cha mkono kisha uache ghafla, na utazame ncha. Ufito mzuri huyumba kidogo na kusimama. Ule mbaya huendelea kupunga, na kupunga huko kutazidi ukishafungwa pete.

Baada ya hapo ndipo huja mambo mawili ambayo mafundi huyatenganisha kwa makini, yaani nguvu na mpindo. Nguvu ni kiasi cha uzito kinachohitajika kuukunja ufito. Mpindo ni mahali unapokunjika: wa haraka hukunjika karibu na ncha peke yake, wa wastani hukunjika hadi katikati, na wa polepole hukunjika mpaka karibu na mpini. Ufito mmoja unaweza kuwa dhaifu lakini wa haraka, na mwingine ukawa na nguvu lakini wa polepole.

Kwa kurusha chambo chepesi, mpindo wa wastani au wa polepole hufaa zaidi. Jigi ya krapi, yaani ndoana yenye kichwa kizito kidogo, ya sehemu moja ya kumi na sita ya aunsi ina uzito wa gramu 1.8 hivi, uzito ambao hauwezi kuukunja ufito mgumu, na ufito usiokunjika haurushi kitu. Mpindo mrefu pia hulinda mdomo wa samaki na mshipi mwembamba unaohimili ratili 4. Na unaulinda mkono wa mvuvi, jambo ambalo husemwa kwa nadra. Fikiria krapi wa ratili 1 anayening'inia kwenye ncha iliyo futi 10 mbele ya kiganja, huku kitako kikiegemea kiwiko futi 1 nyuma yake. Kama fimbo imenyooka na imelala mlalo, kitako hukisukuma kiwiko kwa nguvu ya ratili 10. Fimbo inayokunjika hadi katikati humrudisha samaki karibu na mvuvi, na mzigo huo hupungua papo hapo.

Kwa kuteremsha chambo wima kati ya visiki, hesabu hugeuka. Hapo hakuna kurusha, na samaki akishanaswa lazima ainuliwe moja kwa moja kabla hajazunguka mizizi. Ufito wa haraka kiasi, wenye ncha laini na kiuno kigumu, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na mvuvi hujifunza kuinua kwa utulivu badala ya kukupua.

Kuhusu malighafi, inatosha kujua kwamba nyuzi za kioo zina ugumu wa takriban ratili milioni 10 kwa inchi mraba, ilhali kaboni ya kawaida ya fito ina takriban milioni 33 na ni nyepesi kuliko kioo. Katika fimbo ya futi 6, kioo hupendeza mno kwa ulaini wake. Katika futi 10 huwa kizito na hupunga, kwa hiyo kaboni haina mshindani wa kweli. Lakini kaboni ya daraja la juu kabisa nayo si lazima iwe bora. Mrija ukipanuliwa mara mbili bila kuongezwa unene wa ukuta, ugumu wake huongezeka takriban mara nane na uzito mara mbili tu, na watengenezaji hutumia kanuni hiyo kutoa fito ndefu, nene na nyepesi zenye ukuta kama karatasi. Ukuta huo hauvumilii kugongwa kwenye ukingo wa mashua. Kaboni ya daraja la kati, yenye ukuta unaoweza kustahimili pigo la bahati mbaya, ndiyo ningeipendekeza kwa mtu anayevua kwenye visiki.

Fito zilizotengenezwa mahsusi kwa samaki wa kikaango na zenye urefu wa kutosha si nyingi, kwa hiyo waundaji wengi huazima kutoka uvuvi mwingine. Chanzo kinachopendwa ni fito za kuvulia kwa nzi bandia, hasa za futi 9 za namba 3 na namba 4. Kwa kipimo cha sekta hiyo, futi 30 za kwanza za mshipi wa namba 4 huwa na uzito wa greni 120, yaani gramu 7.8 hivi, na hilo hudokeza kuwa ufito huo unaweza kubeba jigi na boya dogo bila taabu. Ni fito nyepesi na zenye mpindo mrefu. Kasoro yake ni ncha nyembamba sana, ambayo huhitaji pete ya ncha ndogo, na kitako kisichopenda kuinua samaki wima nje ya maji. Chanzo kingine ni fito laini za futi 10 na zaidi zinazotumika kwa samoni na trauti katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Hizo zina uvumilivu mkubwa, lakini nyingi ni nzito kwa krapi, na mtu achague zile za nguvu ndogo kabisa.

Maneno kama mepesi, wastani na haraka hayana kipimo kimoja kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Kwa sababu hiyo William Hanneman, Mmarekani, alibuni njia ya kupima kwa senti, na nadhani kila muundaji anapaswa kuijua. Ufito hubanwa kitako ukiwa mlalo, kisha mfuko mwepesi wenye senti za Marekani hutundikwa kwenye ncha, na senti huongezwa mpaka ncha ishuke kwa theluthi moja ya urefu wa ufito. Kwa ufito wa futi 10, huo ni mshuko wa inchi 40. Idadi ya senti, ambazo kila moja katika zile za miongo ya karibuni ina gramu 2.5, ndiyo nguvu ya ufito, na pembe ambayo ncha imefanya na mlalo huonyesha mpindo: pembe kubwa huonyesha ufito wa haraka, ndogo wa polepole. Fito mbili za watengenezaji tofauti zikipimwa hivyo zinaweza kulinganishwa bila kutegemea maneno ya matangazo.

Ufito ukishachaguliwa, hesabu ya uzito wa mbele huendelea kwenye pete. Nusu ya juu ya fimbo ifungwe pete ndogo za mguu mmoja, yaani zinazofungwa upande mmoja tu, kwa uzi mwembamba na gundi kidogo iwezekanavyo, kwa maana gundi iliyorundikwa juu ya pete za mwisho inaweza kuharibu ule utulivu wa ncha uliolipiwa.

Limebaki suala la vipande. Ufito wa kipande kimoja huvutia, lakini kampuni ya usafirishaji ya UPS haipokei kifurushi cha kawaida kinachozidi inchi 108, yaani futi 9, na ufito mrefu kuliko huo husafirishwa kama shehena kwa gharama inayoweza kupita bei yake. Vipande viwili vyenye kiungo kizuri havipunguzi chochote cha maana. Na anayehitaji futi 9 na nusu huku ufito alioupenda ukiwa wa futi 9 anaweza kuurefusha kwenye kitako, kwa kuchomeka kipande cha mrija wa kaboni na kukigandisha kwa epoksi ndani ya eneo litakalofunikwa na mpini. Nyongeza hiyo iko nyuma ya mkono au chini yake, kwa hiyo haigusi mpindo wa ncha, na sehemu yake iliyo nyuma ya kiganja husaidia kusawazisha uzito wa mbele. Asijaribu kufupisha kwa kukata ncha, kwa sababu inchi chache zikiondolewa hapo ufito huwa mgumu kuliko ulivyonunuliwa, na sehemu inayohisi krapi akigusa chambo huwa imekwenda na kipande kilichokatwa.