Kwa nini pikapu iliyoshiba vikorombwezo hubeba mzigo mdogo kuliko ile kavu?

Je, wajua kwamba katika ukoo mzima wa Ford Ranger, gari la bei ya juu ndilo linalobeba mzigo mdogo kuliko ndugu zake? Ranger za kazi nyingi hubeba tani moja na ziada. Ranger Raptor, ile pana yenye matairi ya kutisha, haifiki hata kilo 800. Uingereza jambo hili liliwagusa watu mfukoni. Sheria ya VAT kule huihesabu dabo kebini, yaani pikapu ya milango minne na siti ya nyuma, kuwa gari la biashara ikiwa uwezo wake wa kubeba ni tani moja au zaidi. Raptor haikufika, hivyo mfanyabiashara aliyeinunua hakuweza kudai VAT yake kama mwenzake aliyenunua Ranger ya bei nafuu.

Wengi tunadhani kinyume. Ukisimama yadi mbele ya Hilux mbili, moja singo kebini yenye rimu za chuma, vioo vya kuzungusha kwa mkono na sakafu ya mpira, nyingine dabo kebini yenye skrini, kamera ya nyuma na viti vya ngozi, akili inakuambia kwamba ile ya pili ina kila kitu cha ile ya kwanza na zaidi. Hapana. Kuna kitu imepunguziwa, na ndicho kilichofanya pikapu ibuniwe.

Tuanze na hesabu, kwa sababu muuzaji hatakupigia. Kila gari lina uzito wa juu lisilopaswa kuuvuka likiwa na kila kitu ndani yake: chuma chake lenyewe, mafuta, dereva, abiria na mzigo. Uzito huo hupigwa kwenye kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na kadi ya gari huonyesha uzito mtupu na uzito wa jumla. Toa mtupu kwenye jumla, unapata unachoruhusiwa kupakia.

Tuseme gari zetu mbili zina kikomo kimoja, kilo 3,000, namba ya mviringo ili tusipoteane. Singo kavu, tangi likiwa limejaa, ina kilo 1,800. Zinabaki 1,200. Weka dereva na utingo, kilo 150, unabaki na 1,050, yaani mifuko 21 ya saruji. Sasa dabo. Milango miwili zaidi, siti ya nyuma, paa refu, vioo, injini kubwa, difu ya mbele na giaboksi yake ya kugawa nguvu kwa miguu minne: tuseme imefika kilo 2,150. Zinabaki 850. Pakia watu watano, 375 zimekwenda. Mwenye gari naye kafunga ngao ya chuma mbele, winchi na kanopi, kama kilo 150 hivi. Kinachobaki ni kilo 325. Mifuko sita ya saruji, na wa saba uuache dukani.

Kwa nini basi kiwanda kisipandishe kikomo kulingana na uzito wa gari? Kwa sababu kikomo hakitokani na umbo la juu la gari. Kinatokana na chesisi, ekseli, breki, springi na matairi, na mara nyingi vitu hivyo singo na dabo huchangia, au hutofautiana kidogo tu. Chuma cha chini ni kile kile, ila umekipandishia sebule. Raptor ilikwenda mbali zaidi: nyuma ilitolewa springi za bapa, zile za vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ikawekewa koili laini ili ipae juu ya matuta jangwani. Koili hizo zinambembeleza abiria vizuri sana. Tani moja ya mahindi haibembelezwi.

Springi za bapa ndizo pia zinazofanya pikapu kavu irukeruke kama mbuzi ikiwa tupu. Watu hulalamika kwamba gari ni gumu, linavunja mgongo. Ni kweli, lakini ugumu ule umewekwa kwa ajili ya siku ya mzigo. Ukiweka kilo 600 nyuma, gari lile lile hutulia na kwenda kama basi. Ndiyo maana ukienda kulijaribu likiwa tupu, ukazunguka nalo mtaa mmoja wenye lami, umejaribu kitu ambacho hukununulia.

Uzito hata hivyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali mzigo unapokaa, na hapa ndipo dabo kebini inapowaponza watu bila wao kujua.

Hilux ya kizazi kilichotoka 2015, iwe singo au dabo, ina urefu wa jumla wa karibu mita 5.3, na katika matoleo mengi ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa mita 3.1 hivi. Yaani urefu ni ule ule, kebini ikikua, bodi ya mzigo ndiyo inayoliwa. Singo ina bodi ya takriban mita 2.3, dabo mita 1.5 na kidogo. Na kebini haikui kuelekea mbele kwenye injini. Inakua kuelekea nyuma, ikimeza ile sehemu ya bodi iliyokuwa mbele ya ekseli. Matokeo yake, katikati ya bodi ya singo huangukia karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma, ilhali katikati ya bodi ya dabo hukaa kama sentimita 40 nyuma yake.

Sentimita 40 si nyingi, utasema. Fikiria pembea ya watoto. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Ukikaa upande wa nyuma, upande wa mbele unanyanyuka. Weka kilo 500 katikati ya bodi ya dabo: ekseli ya nyuma haibebi 500, inabeba karibu 565, kwa sababu imechukua pia kilo 65 ilizozinyanyua kutoka matairi ya mbele. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na taa za usiku zinamulika matawi ya miembe badala ya barabara. Ukiwa umewahi kupishana usiku na pikapu inayokupiga taa usoni, ukaapiza kwamba dereva hana adabu, huenda masikini alikuwa amewasha taa za chini. Mzigo ndio ulikosa adabu.

Singo ile ile na kilo zile zile 500, matairi ya mbele hayapungukiwi kitu.

Dawa ya mtaani inajulikana: unampelekea fundi, anaongeza springi. Gari linainuka, mkia hauburuzi tena, na mwenye gari anaamini kwamba uwezo umeongezeka. Kilichoongezeka ni kimo. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, matairi yana kikomo chake kilichoandikwa ubavuni, na chesisi sasa inapokea mapigo makali zaidi kwa kuwa springi hazinepi kama zamani. Dabo kebini iliyojazwa nyuma na kupigishwa kwenye makorongo hukunja chesisi mahali panapofahamika, nyuma ya kebini, pale inapoanza bodi.

Kwa hesabu hii mtu anaweza kudhani namtetea asiyelipia kikorombwezo chochote. Sivyo, kwa sababu kuna vitu vya kulipia bila kusita. Breki za ABS, zisizoacha matairi yagande ukikanyaga ghafla, ni moja. Mfumo wa kuzuia gari lisiteleze ni wa pili, na pikapu inauhitaji kuliko gari dogo, kwa kuwa mkia wake ukiwa mtupu ni mwepesi na hukimbilia kuzunguka kwenye lami yenye maji. Loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, nayo ina faida kubwa kuliko sifa inayopewa: kwa mkulima ambaye tope lake ni la wiki chache kwa mwaka, pikapu ya kusukumwa na miguu ya nyuma yenye loki ya difu inaweza kumtoa sehemu nyingi, na hana difu ya mbele ya kubeba na kuhudumia mwaka mzima.

Mifuko ya hewa ni lazima, ila isikulaze. Mwaka 2018 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, liliigongesha Nissan NP300 Hardbody, dabo kebini iliyokuwa ikiuzwa Afrika, na ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Kebini yenyewe haikuhimili, na mfuko wa hewa ndani ya kebini inayojikunja ni mto tu. Kwa hiyo swali la kuuliza si gari lina mifuko mingapi, bali lilipata nyota ngapi lilipogongeshwa, na je, ni toleo hili hili unaloliona au ndugu yake wa Ulaya.

Kuna vitu ambavyo, kwa maoni yangu, mwenye kazi ya vumbi angelipwa ili avikubali. Rimu kubwa za alaminiamu ni mfano. Hilux ya kazi yenye rimu ya chuma ikigonga shimo, rimu inapinda, fundi anaigonga nyundo, unaendelea na safari. Ya alaminiamu hupasuka. Na rimu ikiwa kubwa, ya inchi 18, ubavu wa tairi unakuwa mfupi, hauna mpira wa kutosha kumeza jiwe. Ongeza kwamba tairi la inchi 18 kulipata kwenye kijimji kando ya barabara ni bahati nasibu.

Kielelezo cha ukavu ni Land Cruiser pikapu, ile Watanzania waliyoiita mkonga kwa bomba lake la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo. Umbo lake ni la 1984. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, haina tabo na inatoa nguvu ya farasi kama 130 tu, wakati Hilux ya lita 2.8 inapita 200. Halafu mkonga unauzwa bei juu ya Hilux nyingi! Anayelipa hanunui vitu vilivyomo. Ananunua chesisi nene, pampu ya mafuta inayofanya kazi bila kompyuta, na uhakika kwamba likizima porini mtu mwenye spana ataliwasha.

Ukienda kukagua dabo kebini iliyotumika, acha skrini kwanza. Simama ubavuni, tazama ufa ulioko kati ya kebini na bodi ya nyuma. Pitisha vidole chini, kisha juu. Ukikuta juu kumepanuka kuliko chini, mkia umeshuka na chesisi imeshajikunja. Geuka upande wa pili uhakikishe, kisha mrudishie mwenye gari funguo zake.